Usiku ule ule, kabla mashine hazijazimwa: miaka yangu 11 ya kusimamia watunzi na maprodyuza

Watu wakisikia meneja wa muziki wanamfikiria yule anayetembea na msanii, simu mbili mkononi, anapanga shoo, anagombana na mapromota. Hiyo kazi sijawahi kuifanya hata siku moja. Mi kwa miaka 11 sasa nasimamia watu ambao ukipishana nao njiani huwajui kabisa ila nyimbo zao unazo kichwani toka beti la kwanza mpaka la mwisho, watunzi wanaoandika melodi na mashairi afu anaimba mtu mwingine, na maprodyuza wanaokesha mbele ya kompyuta wakitafuta sauti moja tu ya ngoma ya snea ambayo msikilizaji hatajua hata kama ilitafutwa.

Naandika kwasababu kila wiki napata meseji za vijana, mmoja anauliza afanyeje awe meneja wa prodyuza, mwingine ni prodyuza mwenyewe anauliza hivi kweli nahitaji meneja au nitakuwa nampa mtu hela bure, na majibu ya meseji hayatoshi. Nimeona bora nikae chini niandike niliyoyapitia, mengine yaliniuma na bado yananiuma.

Nilianza bila kujua kwamba naanza kazi. Nlikuwa na rafiki anapiga biti kali sana ila haongei. Ukimuweka chumbani na watu wanne anakaa kimya mpaka mwisho, biti zinachukuliwa, anaambiwa "tutakucheki kaka", anarudi kwao anasubiri simu ambayo haiji. Nikaanza kutuma biti zake kwa niaba yake, naandika barua pepe, nafuatilia, napiga simu, napigiwa kelele. Mikataba sikuijua hata neno moja. Nilichokuwa nacho ni daftari, nlikuwa naandika nani kapewa biti gani, tarehe ngapi, kasema nini. Hilo daftari ndo lilinifanya meneja. Watu wengine walikuwa wanasahau, mi sisahau kwasababu nimeandika, na taratibu ikawa mtu akitaka kujua ile biti iko wapi ananipigia mimi badala ya kumpigia mwenye biti.

Sasa nikupeleke kwenye usiku ulionifundisha kazi yenyewe.

Studio tulikuwa watu sita. Msanii, rafiki yake msanii aliyekuja naye, prodyuza wangu, dada mmoja mtunzi ambaye nlikuwa nimeanza kumsimamia miezi michache nyuma, injinia, na mimi. Biti ilikuwa tayari toka jioni, beti zilikuwepo, korasi haipo. Masaa yanaenda. Msanii kaingia chumba cha kurekodia mara tatu katoka mara tatu, hakuna kitu. Yule dada alikuwa kakaa chini sakafuni, mgongo kauegemeza ukutani, macho kafumba, anaguna tu. Prodyuza akasikia. Hakusema neno, akaondoa kiki, ile ngoma nzito ya biti, akaondoa besi, akaacha kinanda peke yake kinazunguka. Dada akaguna tena, safari hii kwa sauti, afu maneno yakaanza kuja, matatu, manne, mstari mzima. Akachukua simu yake akaiweka juu ya goti akabonyeza rekodi. Nikaangalia saa ya ukutani kwa bahati tu, ilikuwa saa nane na dakika kama kumi na tano usiku. Dakika ishirini baadae msanii alikuwa anaimba ile korasi ndani, kabadilisha neno moja, na chumba kizima kilikuwa kinaruka.

Kwenye begi langu nlikuwa na karatasi ya mgao. Hiyo ni karatasi ya kawaida tu, mnaandika nani kashiriki kutunga wimbo na kila mtu ana asilimia ngapi, mnasaini. Niliigusa. Nikaiona ile furaha, watu wanakumbatiana, alfajiri inakaribia, nikaona aibu kuanza kuongelea asilimia. Nikajiambia tutaongea kesho.

Kesho yake mchana ikaja barua pepe kutoka upande wa msanii. Msanii 40, prodyuza 20, rafiki yake msanii 20, injinia 10, mtunzi 10. Yule rafiki muda wote alikuwa kwenye kochi na simu yake. Na dada aliyeileta ile korasi kutoka kwenye ukimya akawa na 10, sawa na injinia ambaye alikuwa ameshalipwa ujira wake wa usiku. Nilikaa na ile barua muda mrefu. Sikuwa na kitu cha kuonyesha, karatasi bado ilikuwa kwenye begi langu, tupu.

Tulikataa. Wimbo ukatoka hivyo hivyo, maana mgogoro wa mgao hauzuii wimbo kutoka, unazuia hela. Hili wengi hawalijui. Watu wakisajili madai yanayozidi asilimia 100 kwenye wimbo mmoja, wakusanyaji wa mirabaha, yaani malipo ya wimbo kutumika, wanaweza kuizuia hela ya wimbo mpaka wahusika wakubaliane. Kwaiyo wimbo unapigwa, watu wanaucheza kwenye harusi zao, na waliopangiwa mgao wote watano mikono mitupu. Ilichukua miezi 14. Kilichotuokoa ni ile rekodi ya simu juu ya goti. Faili lilikuwa na tarehe na saa, korasi nzima inasikika ndani yake, na faili la kwanza la sauti ya msanii kwenye kompyuta ya studio lilikuwa na muda wa baadae kabisa. Mwisho tukafika msanii 35, prodyuza 35, mtunzi 25, rafiki 5, na injinia mwenyewe aliachia 10 yake bila shida, akasema hela yangu nilishachukua. Nitamheshimu huyo bwana mpaka nakufa.

Tangu siku hiyo hakuna sesheni ya watu wangu inaisha bila karatasi. Nimejifunza namna ya kuiomba bila kuua hali ya hewa. Naingia wakati watu bado wanasikiliza walichotengeneza, nasema jamani kabla hatujazima mashine tuandikeni nani yumo humu, asije akasahaulika mtu. Ukisema "asisahaulike mtu" kila mmoja anaona unamtetea yeye, na kweli unamtetea. Jina kamili la kwenye kitambulisho, jina la kisanii, chama chake cha mirabaha, namba yake ya IPI, yaani namba inayomtambulisha mtunzi kwenye vyama vya mirabaha, pablisha kama anaye, yaani kampuni inayosimamia haki zake za utunzi, asilimia. Dakika kumi. Kama hatujakubaliana asilimia, basi angalau majina yote yaandikwe na wote wasaini kwamba hawa ndo waliokuwepo kutunga, asilimia itafuata. Na wenzangu mnaofanya kazi na Marekani mjue kule watunzi wa wimbo mmoja wasipoandikiana makubaliano sheria inachukulia wamegawana sawa kwa sawa, ambayo mara nyingine inakusaidia na mara nyingine inakuumiza, hasa kama mtu wako kafanya asilimia 80 ya kazi na amekaa chumbani na watu wanne.

Nieleze kidogo hela zenyewe zinatoka wapi maana hapa ndo prodyuza na mtunzi wanachanganywa. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno na mpangilio wa msingi, na kuna masta, yaani ile rekodi yenyewe. Mtunzi asiyeimba ana utunzi peke yake, masta kwa kawaida hamuhusu. Prodyuza yuko pande zote mbili, biti aliyoitengeneza ni sehemu ya utunzi, na kwenye masta anapata ujira wa kazi pamoja na pointi, ambazo nitazieleza mbele kidogo. Mfano Marekani redio za kawaida za AM na FM zinalipa watunzi wimbo ukipigwa, ila hazilipi mwenye masta wala muimbaji. Sasa prodyuza aliyeuza biti kwa hela ya mara moja akasaini kwamba hana madai yoyote mengine, redio zinapiga wimbo wake mwaka mzima na yeye hayupo popote. Ameuza pande zote mbili kwa bei ya upande mmoja. Nimekutana na kesi hizi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na nyingi zinakuja kwangu zikiwa zimeshaharibika.

Wazo la mtunzi kulipwa wimbo ukitumika ni la zamani kuliko redio yenyewe. Paris mwaka 1847 mtunzi mmoja Ernest Bourget alikuwa amekaa na wenzake kwenye mgahawa unaopiga muziki, akasikia kazi zao zinapigwa, akagoma kulipa bili ya vinywaji mpaka na wao walipwe kazi yao. Kesi ikaenda mahakamani akashinda, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, chama cha kukusanya mirabaha ambacho Ufaransa kipo mpaka leo. Huwa nawasimulia watunzi wapya hii habari siku ya kwanza tunayokaa, maana wengi wanakuja wakiamini kudai hela yao ni ujeuri.

Sasa pointi. Prodyuza kwenye rekodi ya lebo mara nyingi anapata pointi 3 mpaka 5, na pointi moja ni asilimia moja ya mapato yanayohesabiwa kwenye masta. Kitu ambacho hakisemwi kwa sauti ni kwamba kwa kawaida pointi hizo zinatoka kwenye fungu la msanii. Msanii ana 20, prodyuza ana 4, msanii anabaki na 16. Ndo maana mameneja wa wasanii wanabana sana pale, na mi siwachukii, ni kazi yao. Ila kuna sentensi mbili naziangalia kabla ya ukubwa wa pointi. Ya kwanza inasema prodyuza atalipwa kuanzia lini. Kawaida ni baada ya gharama za kurekodi kurudi, lakini zikisharudi ahesabiwe kuanzia nakala ya kwanza kabisa, ikitolewa advansi yake, yaani hela aliyopewa mapema. Mkataba usiposema "kuanzia nakala ya kwanza" zile zote zilizouzwa wakati gharama zinarudishwa zinamponyoka. Ya pili ni nani anamlipa. Lebo inamlipa msanii, na msanii ndo anadaiwa na prodyuza. Msanii anaweza kuwa mtu mzuri kabisa ila mhasibu wake kabadilika, kampuni yake imefungwa, kahamia nchi nyingine, na wewe unahangaika kumtafuta. Kwaiyo nadai barua ya maelekezo, msanii anasaini kuiambia lebo imlipe prodyuza moja kwa moja. Barua ya ukurasa mmoja. Na kule Marekani kwa hela za redio za intaneti na setilaiti zinazokusanywa na SoundExchange, prodyuza akiwa na barua kama hiyo analipwa fungu lake moja kwa moja kutoka kwa wakusanyaji, na sheria yao ya muziki ya mwaka 2018 imelitambua hilo rasmi. Natuma hiyo barua isainiwe wakati wimbo haujatoka na kila mtu anampenda kila mtu. Ukisubiri miaka miwili haitasainiwa, si kwa ubaya, watu wanakuwa wameshaendelea na maisha.

Watunzi hali yao ni ngumu zaidi na hapa nitasema wazi ninavyoona. Mtunzi hana ujira wa sesheni mara nyingi. Prodyuza anapewa kitu, injinia anapewa, studio inalipwa, hata dereva aliyemleta msanii analipwa, mtunzi anaambiwa subiri mirabaha. Na mirabaha yenyewe historia yake inasikitisha, Marekani sheria ya mwaka 1909 iliweka senti 2 kwa kila nakala ya wimbo ikakaa hapo hapo mpaka 1978. Baadae ikapanda ikafika senti 9.1 mwaka 2006, ikagandia hapo mpaka mwisho wa 2022, ndipo 2023 ikawa 12. Sasa piga hesabu, wimbo una watunzi watano, wamegawana hizo senti. Kwenye strimingi ni vipande vidogo zaidi. Ndo maana siku hizi naomba ujira wa siku kwa watunzi wangu hata uwe mdogo, na naomba pointi moja ya masta pale mtunzi alipobeba korasi. Asilimia kubwa wanakataa. Ninaendelea kuomba, kwasababu nimeona wale waliokuwa wanacheka miaka mitano iliyopita sasa wanajibu "ngoja tuangalie", na mara chache wanakubali kabisa.

Afu kuna lile la msanii kubadilisha neno moja na kudai theluthi. Au hajabadilisha chochote, anasema mi ndo ninaufikisha wimbo kwa watu kwaiyo nipe asilimia 15 ya utunzi la sivyo siuimbi. Nimewahi kukaa na mtunzi wangu saa nzima kwenye gari tukijadili hilo. Hakuwa na hela ya kodi ya nyumba, wimbo ulikuwa mkubwa, msanii alikuwa mkubwa. Mi nilimwambia maoni yangu, usitoe, lakini ni jina lako na ni maisha yako. Alitoa. Sikumlaumu na sitamlaumu. Mwaka 2021 kundi la watunzi wakubwa wakiwemo Emily Warren na Justin Tranter walisaini barua ya wazi wakisema hawatatoa tena mgao wa utunzi kwa msanii ambaye hakuandika, labda kama na yeye anatoa kitu cha thamani inayolingana. Siku ile niliwatumia watu wangu wote, na yule wa kwenye gari alinijibu neno moja tu, "Hatimaye." Mimi jibu langu kwa mapendekezo ya namna hiyo limekuwa hili, sawa, kama msanii anataka sehemu ya utunzi basi mtunzi apate sehemu ya masta au ya mapato ya shoo, tubadilishane. Ukiweka hivyo mezani mazungumzo yanapungua ukali haraka sana.

Kwenye mikataba ya pablishingi nilikosea mara moja kubwa. Prodyuza wangu alipewa advansi nzuri, tukafurahi, wakili akasoma, tukasaini. Ndani kulikuwa na kifungu kwamba kila kipindi cha mkataba lazima atoe nyimbo nzima 4 zilizotoka kupitia lebo kubwa. Nne! Nikaona hizo ni za miezi mitatu. Sasa "wimbo mzima" maana yake ni asilimia 100 ya utunzi. Yeye kwenye wimbo mmoja alikuwa anapata kama 20, kwaiyo wimbo mmoja unahesabika kama moja ya tano, na ili zitimie nne lazima nyimbo 20 zitoke. Na kutoka hakuko mikononi mwake, prodyuza anatengeneza, lebo ndo inaamua itoe au ikae nayo miaka. Kipindi ambacho nlidhani ni cha mwaka mmoja kikawa miaka minne na kidogo. Miaka minne mtu yuko kwenye mkataba aliosaini akiwa hana jina, wakati jina tayari analo. Nilimuomba msamaha ana kwa ana. Siku hizi nikipokea mkataba naenda kwenye hicho kifungu kwanza kabla hata ya kuangalia hela, naomba kiwango kishuke, naomba kuwe na tarehe ya mwisho hata kama nyimbo hazijatimia, na kama mtunzi ana kipato kidogo cha kumvusha miezi kadhaa namshauri achukue mkataba wa usimamizi tu, ambapo haki zinabaki zake na kampuni inachukua komisheni kwa kukusanya, badala ya kuuza kipande cha haki kwa advansi.

Kuna kazi nyingine kubwa ambayo haina msisimko wowote, nayo ni data. Wimbo una namba ya utunzi, ISWC, inaanza na herufi T, na rekodi ina namba yake ISRC ya tarakimu na herufi 12, na hizo mbili zisipounganishwa kwenye mifumo basi wimbo unastrimu na hela haijui iende kwa nani. Mwaka 2021 ilipoanza kazi MLC ya Marekani, chombo cha kukusanya mirabaha ya utunzi kwenye strimingi, majukwaa yalikabidhi dola milioni 424 hivi ambazo zilikuwa zimelala miaka bila kupata wenyewe. Milioni 424. Ukiisoma hiyo namba kama mtu wa kawaida ni habari, ukiisoma kama meneja wa watunzi unaona sura za watu unaowafahamu. Kila mwezi siku mbili nzima nafanya kazi moja tu, nafungua katalogi ya kila mtu wangu, wimbo baada ya wimbo, naangalia kwenye mifumo ya vyama, kwenye MLC, kwenye ukurasa wa waliohusika kule kwenye majukwaa, jina lipo, herufi ziko sawa, asilimia zinafika 100. Nimekuta jina la mtu wangu limeandikwa kwa herufi moja pungufu na hela ya miaka miwili imekaa kwa mtu asiyekuwepo.

Loopu nazo, vile vipande vya muziki vinavyojirudia ndani ya biti. Ulizeni. Biti ikiisha muulize prodyuza, kuna kitu humu si chako? Mara moja wimbo ulikuwa umebaki siku nne kutoka, ndo prodyuza ananiambia lile gitaa alitumiwa na kijana fulani mtandaoni mwaka uliopita, hawajawahi kuandikiana, na hata jina lake halisi halijui. Siku nne nilikuwa namtafuta mtu kwa jina la akaunti. Nilimpata, alikuwa muungwana, tulimpa 12 na jina lake likaandikwa. Angeweza kudai nusu na tungempa, maana hatukuwa na pa kukimbilia.

Kuhusu meneja mwenyewe. Komisheni yangu ni asilimia 15 mpaka 20 ya kinachoingia kwa mteja, na kinachoingia maana yake kilicho chake kweli. Prodyuza akipewa bajeti akalipa studio na wapiga vyombo, sikati kwenye hela ya wapiga vyombo. Mwanzoni unaweza kukaa miaka miwili hujapata cha maana, kwasababu wimbo unatungwa leo, unatoka baada ya mwaka, na hela ya nje ya nchi inaweza kuchukua mwaka mwingine mpaka miwili kukufikia. Usiingie kama huna namna nyingine ya kula. Na wekeni kifungu cha machweo toka mwanzo, kinachosema tukiachana nitaendelea kupata kiasi gani kwa kazi nilizozifanya na kwa muda gani, labda nzima kwa miaka kadhaa, afu nusu, afu basi. Yule rafiki yangu wa kwanza, yule asiyeongea, tuliachana mwaka wa 6. Alipata meneja mkubwa kuliko mimi. Alinipigia mwenyewe, yeye mtu wa kutopiga simu, akaniambia kaka sijui nikuambieje. Kifungu kilikuwepo, hatukuwa na cha kugombania, tukaongea mambo mengine mpaka simu yake ikaisha chaji. Bado ananitumia biti usiku anauliza hii vipi.

Na sehemu ninayoipenda kuliko zote haiandikwi kwenye mkataba wowote. Kujua mtunzi gani ukae naye prodyuza gani. Kuna watu wawili wazuri sana ambao ukiwaweka pamoja hakitoki kitu, na kuna wawili wa kawaida wakikutana wanaamshana. Kusikiliza demo kwa uaminifu ni kazi pia, kumwambia mtu korasi yako inaanza mstari wa tatu, ile miwili ya mwanzo unaitafuta tu, na kumwambia bila kumvunja. Kumwambia wiki hii usiende sesheni yoyote, lala. Watunzi wanachoka kwa namna ambayo haionekani, wameandika nyimbo 100 mwaka mzima zimetoka 6, na kwenye zile 6 hakuna aliyewataja. Mwaka 2023 Grammy walipotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya mtunzi bora wa mwaka, akaichukua Tobias Jesso Jr., nlikuwa na yule dada wa korasi tunaangalia. Tuzo ya prodyuza kule ipo toka miaka ya 1970. Hakusema kitu, alikaa akaangalia mpaka watangazaji wakaenda kwenye kipengele kingine, afu akaniuliza kama kesho sesheni ni saa ngapi.

Ule wimbo wake wa usiku ule bado unapigwa. Juzi kwenye zile siku zangu mbili za kukagua nikakuta kwenye jukwaa moja bado wanaonyesha watunzi watatu tu na yeye hayumo, ingawa hela inaingia sawa na kwenye mifumo mingine yuko vizuri. Nimewaandikia lebo jana asubuhi, nimeambatanisha ile karatasi iliyosainiwa baada ya miezi 14, namba yake ya IPI na ISWC ya wimbo. Wakinyamaza mpaka Jumatatu nawapigia.